Shampeni Sita Katika Kabati la Vioo

Mpendwa mpwa wangu Yona,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mvinyo ukikaa tu huzidi kuwa mzuri, na bei yake hupanda yenyewe, kama mnazi unavyorefuka mwenye shamba akiwa amelala. Wewe ulilijua kosa hilo tangu hujaota ndevu vizuri, maana nilikufundisha mimi mwenyewe. Sasa unalifanya ukiwa mtu mzima, mwenye kazi ya heshima katika hoteli ya Nairobi. Nimekuandikia barua tatu za faragha. Ya kwanza ulinijibu kwamba subira huvuta heri, ya pili kwamba haraka haraka haina baraka, na methali ya tatu sikuimaliza kuisoma kwa hasira. Ndiyo sababu leo nakuandikia gazetini. Barua zangu unaweza kuzitia chini ya mto, lakini gazeti najua unalisoma mpaka matangazo ya minada.

Unalikumbuka ghala la Shimanzi, hapa Mombasa? Ulikuja kwangu umetoka shule ya misheni, unajua hesabu na Zaburi, mvinyo hujui. Wiki ile ile makasha yaliletwa kutoka gatini wakati wa jua kali, na chupa moja ya shampeni ikapasuka ndani ya kasha kwa joto, kwa mlio kama wa bomu, na mwaka ule watu walikuwa wakiogopa vita vya Wataliani kule Habeshi. Mahamali wote walilala chini. Wewe uliingia chini ya mkokoteni, na ulipotoa kichwa uliniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, Wataliani wamefika?" Tulicheka mpaka Bwana Kaitano, yule Mgoa mwenye duka tuliyemfanyia kazi, akaja kuangalia nani amelewa.

Siku hiyo nilikueleza mambo ambayo nitayaeleza tena, kwa kuwa nimestaafu na sina pa kuyapeleka. Shampeni nyingi huchanganywa kutoka mavuno ya miaka kadhaa, na karatasi yake haitaji mwaka. Mwaka huandikwa pale tu jua na mvua za huko Ufaransa zilipopatana, wenye mvinyo wakaona kwamba zabibu za msimu huo zinaweza kusimama zenyewe. Chupa ya namna hiyo hulazwa gizani, penye baridi, pasipo mtikisiko. Hulazwa ubavu ili kizibo kibaki kimelowa, kisinyauke kikaacha pumzi itoke. Ikilala hivyo miaka kumi au kumi na tano, mapovu yake huwa madogo madogo, rangi yake huelekea dhahabu, na ikifunguliwa hunukia mkate uliotoka tanurini. Harufu hiyo naijua vizuri. Kunywa, sheria ya serikali haituruhusu Waafrika kama sisi, na nadhani ndiyo sababu tunaziheshimu chupa hizi kupita kiasi.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili haulizi mwaka peke yake. Huuliza chupa ililala wapi, na nani alikuwa akiiamsha. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiwaambia wateja, "Bei ya chupa ni bei ya usingizi wake," na Kaitano akaliiba neno hilo akalifanya la kwake. Tulikuwa tukiinua kila chupa mbele ya mshumaa kutazama mvinyo umefika wapi shingoni. Ukishuka, pumzi inatoka. Ukiwa na rangi ya chai, umekufa. Jicho lako lilikuwa kali kuliko langu, na nilifurahi, kwa sababu nilijua nitamwacha mtu wa kushika kazi yangu.

Kisha ukaenda Kizingo kumtumikia yule bwana mkusanyaji wa mvinyo, aliyechimba stoo katika jiwe la matumbawe chini ya nyumba yake, akaweka humo chupa za miaka mizuri kama watu wengine wanavyoweka vitabu. Alipoondoka kwenda vitani alikuachia chupa sita za shampeni ya mwaka 1928, na cheti kwamba ziuzwe dukani kwa Kaitano kwa jina lako. Nakuona mpaka leo ukija nazo Makadara juu ya mkokoteni, umezifunika magunia yaliyoloweshwa maji, unatembea kando yake polepole kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Uliniambia, "Mjomba, hii ndiyo arusi yangu." Nikaona kweli nimemfundisha mtu.

Halafu ukapata kazi ya Nairobi, na ukiwa mlangoni ukamwambia mamako, "Ziweke pazuri." Yona, ulikuwa umelelewa na dada yangu miaka yote hiyo. Hukujua kwamba pazuri kwake ni mahali pamoja tu?

Kwetu kitu cha thamani kikifichwa huonekana kama cha wizi. Basi chupa zako zilisimamishwa katika kabati la vioo sebuleni, kati ya vikombe vya arusi yake na picha ya askofu, na dirisha la sebule ile linatazama magharibi. Kila alasiri jua linaingia na kukaa nazo kama mgeni asiyejua kuaga. Wageni huletwa kuzitazama. Jirani zetu Waislamu nao huja, hutazama kwa mbali, na humwambia kwa adabu kwamba chupa ni nzuri, laiti zingekuwa za marashi. Nilitia kitambaa juu ya vioo, kikaondolewa. Nikazilaza ubavu, jioni nikazikuta zimesimama tena. "Zilikuwa kama maiti, kaka," mamako aliniambia. Nilipotaka kuzihamishia kwa Kaitano alisimama mbele ya kabati, akasema mwanawe amemwachia yeye, na kwamba atazitoa akisikia neno lako, si langu.

Wakati wa usafi wa Pasaka iliyopita alizitoa zote akazisugua kwa sabuni ya kipande. Karatasi za chupa mbili zilibanduka, zile zile zilizokuwa zikitaja mwaka na nyumba iliyotengeneza. Aliniambia zilikuwa zimechakaa, akaona aibu mbele ya watu. Sikumlaumu, maana aliosha kwa mapenzi. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, kisha nikarudi nikanywa chai.

Juma lililopita niliona sisimizi wakipanda mguu wa kabati. Niliwafuata kwa macho mpaka shingoni mwa chupa ya tatu. Ile karatasi ya dhahabu ilikuwa inanata, na mvinyo umeshuka mpaka begani. Nilimwita Kaitano. Alikuja na mshumaa wake mchana kweupe, akaziinua moja moja. Tatu bado ni nzima. Mbili ni nzima lakini hazina jina, nazo atazinunua kama kubahatisha. Ile iliyovuja tuiache.

Unaniandikia kwamba Ufaransa iko mikononi mwa Wajerumani, shampeni mpya haiji, na kadiri vita vinavyoendelea ndivyo bei inavyopanda. Ni kweli, nami singekubishia. Maofisa wa meli zilizoko Kilindini wananunua chochote chenye mapovu, na Kaitano ana karamu yao Jumamosi. Bei aliyotaja inatosha arusi ya heshima, bila makeke. Lakini vita haviko ndani ya kabati, Yona. Ndani ya kabati mna jua, na kaskazi, msimu wa joto, ndiyo kwanza inaingia. Ulisema dhahabu haiozi. Dhahabu haiozi, lakini hizi ni zabibu.

Na sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mimi ndiye mshenga wako. Ni mimi niliyekaa mkekani kwa watu nikazungumza kwa kinywa changu. Mama wa mchumba wako ameniuliza, mbele ya wanawake wengine, kama tutawaita arusini chupa zikishaota ndevu. Nilicheka, kwa kuwa mshenga hana ruhusa ya kukasirika. Nimesikia pia kwamba karani mmoja wa reli ametuma wazee wake, na hawakufukuzwa. Waliandaliwa kahawa.

Jumapili baada ya ibada binti mwenyewe alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama kizingitini na kitabu chake cha nyimbo kifuani, akaniamkia vizuri, akaulizia afya yako. Kisha akasema, "Mjomba, mwambie mimi sikuposwa na chupa. Akija na nauli ya treni tu, nitamfungulia mlango. Lakini mlango si wangu peke yangu, na mama amechoka." Nilimwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwandikie asome atende, si asome ajibu." Huyo ndiye unayemwekea subira, mwanangu. Ana akili kuliko sisi sote watatu tunaozunguka kabati lile.

Nadhani najua unachoogopa. Chupa ambayo haijauzwa haina bei, na kitu kisicho na bei mtu anaweza kukiota apendavyo. Usiku, baada ya kuwamiminia watu wengine, unalala ukiwa tajiri. Ukiuza utajua zilikuwa na thamani gani hasa, na huenda ikawa thamani ya kawaida. Nimeona mabwana wakubwa wakikamatwa na ugonjwa huo. Wanakusanya miaka na miaka, kila karamu wanaiona ndogo kwa chupa zao, na mwishoni zinafunguliwa na warithi wanaokunja uso. Kila mvinyo una kilele chake. Kabla ya hapo, anayengoja ni fundi. Baada ya hapo, anayengoja anaupoteza, hata kama anaupoteza kwa adabu.

Nimechoka nawe, na ni kwa sababu nakupenda. Kama ungekuwa mjinga ningenyamaza. Mamako hajambo, isipokuwa sasa anawaua sisimizi kwa mafuta ya taa, na harufu yake unaweza kuiwazia. Anakusalimu. Ananiambia nisikugombeze sana, na mimi nimemwambia hii ni nusu tu. Mungu akulinde huko kwenye baridi, ambako chupa zako zingestarehe kuliko wewe.

Posta haiko mbali na hoteli yako. Nenda leo, kabla ya zamu ya jioni, umpelekee mamako telegramu ya neno moja: Uza.

Mjombako, ambaye bado ni mshenga wako,
Makadara, Mombasa