Nimempa Marehemu Umati Usio Wake

Mshauri mpendwa, mwangaluka. Nakuomba msaada wako kwa maandishi kwa sababu huku Ngulyati sina tena wa kumwambia. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, na kijiji kilinipa kazi ya kusimamia picha ya sherehe ya Uhuru kwenye ukuta wa ghala la pamba, mkutano ukakubali tuchore mashindano ya vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika huku na Bagalu kule, wakicheza kwa wakati mmoja kama desturi yetu, na watazamaji wagawanywe sawa maana anayekimbiwa na watu ndiye aliyeshindwa, sasa mimi nilipochora kwa mkaa nikawapanga watu wote kwa Bagalu, Bagika nikawaacha wanacheza mbele ya vumbi tupu, nikasema eti mlango wa ghala umekula nafasi.

Nilidanganya. Marehemu mume wangu Ndaki alichezea Bagalu, na shindano lake la mwisho umati wote ulimhama, miezi miwili baadaye akafariki, nikataka angalau ukutani wamrudie. Rafiki yangu Monika, kiongozi wa Bagika, alitazama akasema, "Mwalimu, hata Uhuru mnatushinda?" akaondoka na wapaka rangi wote. Zimebaki siku kumi na mbili, nachanganya rangi peke yangu, nakunywa uji peke yangu, Monika hanisalimii. Nikifuta naona kama namzika Ndaki mara ya pili. Nifanyeje?

Mwalimu Wilhelmina

SHANGAZI MILEMBE ANAJIBU

Pole mwalimu, kwa msiba na kwa uji huo wa upweke. Lakini nikugombeze. Ukuta ni wa kijiji, majonzi ni yako. Tena ukausingizia mlango, wewe uliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo! Kilichompata Ndaki, kuachwa anacheza bila mtazamaji, ndicho ulichomfanyia Monika, na mbele ya kijiji kizima.

Futa leo. Usitume ujumbe wala mjumbe. Kesho asubuhi nenda kwake, mwamkie wewe kwanza, mweleze habari ya Ndaki yote, wapaka rangi wakisikia. Kisha mkabidhi mkaa awapange watazamaji yeye mwenyewe. Akiwapendelea Bagika kidogo, nyamaza, umeyataka.

Halafu muombe jambo moja, sidhani atakunyima. Siku ile watu walipomhama Ndaki, wewe ulihama? Kama ulibaki, basi upande wa Bagalu mchore mwanamke mmoja, amesimama palepale, anamtazama.