Vyombo vya Chebet

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Mayi, mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, nalisalimu na goti lako la kushoto, na kama la kulia nalo limeanza kulalamika, basi lipokee salamu zake. Ile dawa ya kuchua inakusaidia, au bado unawagawia majirani? Mahindi mabichi yameshaiva huko Matulo? Huku kwetu bado tunayatazama tu, maana ya Kitale huchelewa, na mvua inanyesha kila mchana utadhani imeajiriwa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kikohozi kimekwisha. Lakini kutulia sijatulia, na wewe unanijua, ndiye uliyesema nilizaliwa miguu ikitangulia. Barua hii nimeianza, nikainuka kufagia chumba nilichokuwa nimeshakifagia, ndipo nikarudi kuketi. Kwa simu isingewezekana, kwa sababu ungenikatiza katikati na kuanza kuniombea.

Habari yenyewe ni ya mtoto mmoja hapa shuleni anayeitwa Chebet.

Unakumbuka nilikueleza juu ya kona ya nyumbani. Ni pembe moja ya darasa letu la chekechea ambapo watoto hucheza mchezo wa baba na mama. Kila mzazi alileta chombo kimoja kikuukuu: sufuria isiyo na mfuniko, kikombe cha plastiki, mwiko, karai. Wanasesere wetu ni magunzi ya mahindi niliyoyavika vitambaa. Wazazi wengine wanaona huo ni upuuzi mtupu. Wanataka mtoto wa miaka mitano aandike mpaka mia moja ili apite intavyu ya darasa la kwanza. Mimi huwaambia kwamba hapo kwenye kona ndipo ninapomsoma mtoto, na ndivyo tulivyofundishwa kwenye kozi ya likizo: mtazame kwanza, nyamaza, usimwelekeze. Hebu fikiria, Mayi, mimi huyu nikae kwenye kigoda nusu asubuhi bila kusema neno! Huwa nakalia mikono yangu.

Chebet aliletwa muhula huu. Kwao ni mlimani, juu ya Cheptais, na hapa mjini anakaa na shangazi yake, ambaye yeye humwita senge. Walikimbia mlima wakati wa zile vurugu za kugombania mashamba. Baba na mama walijishikiza kwa jamaa huko Chwele, mtoto akaletwa huku. Haongei mpaka aulizwe. Akiingia kwenye kona anapika vizuri tu, analisha magunzi, anafagia. Halafu mchezo ukikaribia kwisha, anaanza kubeba. Sufuria, vikombe, watoto wa magunzi, vyote anavitoa nje na kuvipeleka nyuma ya darasa, kwenye shamba la mahindi la kanisa, anavifunika kwa majani. Kesho yake anavirudisha, lakini si vyote huonekana, maana mbwa na mvua nao wana mambo yao.

"Ticha! Chebet amehamisha jikoni tena!" Ndivyo Wanjiru, jirani yake wa dawati, anavyopiga kelele kila siku.

Kelele hizo zikafika nyumbani kwa wazazi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja wa Kimilili mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaja akiwa ameshika karai alilolitoa yeye mwenyewe, sasa limekanyagwa na kubonyea.

"Mwarimu," akaniambia, "hii mtoto anafundisha wengine wizi. Mtoto umreavyo ndivyo akuavyo. Tukifunga shule awe ameacha hiyo tabia, ama arudi kwa wenyewe."

Nilikasirika, Mayi. Nikaamua kumtazama huyo mtoto vizuri. Nilichokiona ni hiki: hachukui kitu kiwe chake. Mwizi hujificha, lakini huyu hubeba mbele ya macho yetu sote, mbio mbio, na kwa utaratibu. Watoto kwanza, kisha sufuria, kisha mkebe wa udongo ambao ndio unga wao. Akishafunika, hukaa chini kando ya majani na kuweka kidole mdomoni, akiwanyamazisha magunzi wasilie. Hapo sikuweza tena kukalia mikono. Watoto walipoenda nyumbani nami nikaenda kwa senge.

Senge huuza kabichi karibu na steji ya matatu. Nilimweleza, naye akaendelea kubandua majani yaliyooza.

"Ati wizi?" akasema. "Mwalimu, si huko nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo kila jioni? Jua ikishuka tunatoa vitu, tunaenda kulala kwa mahindi. Nyumba tunaiacha peke yake. Wakikuja kuchoma, wachome nyumba tu. Huyu alikuwa anabeba vijiko. Hakuwahi kuangusha hata moja."

Nililia pale pale barabarani, mwalimu mzima, wateja wa kabichi wakinitazama.

Sikutaka kuwahubiria wazazi. Nilimwita mwenyekiti pamoja na mama yake Wanjiru, muuza vitunguu, ambaye mwanzoni mwa mwaka huu yeye na wanawe walilala kwenye hema uwanja wa maonyesho baada ya kufukuzwa kwao. Nikawapa vigoda, nikawaomba kitu kimoja tu, wanyamaze. Chebet akabeba kama kawaida yake. Tulimfuata polepole mpaka nyuma ya darasa, na alipoweka kile kidole mdomoni, Mama Wanjiru akanishika mkono.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akasema kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mimi mpaka leo nalala na viatu. Sufuria yangu wacha ibebwe."

Mwenyekiti alikohoa, akatazama pembeni. "Pole ni pole," akasema, "rakini karai ni karai." Hakubadilisha neno lake. Si mtu mbaya, Mayi. Ni kwamba wazazi wengine wanamsumbua, na karai ni la mkewe.

Basi nikaingia kwenye mchezo mimi mwenyewe. Nikawa jirani. Kila walipokaribia kumaliza nilibisha hodi, nikauliza, "Leo mnalala wapi, jirani?" Chebet akaonyesha mahindi kwa mdomo. Nami nikasema, "Mimi leo nalala ndani, baridi itaniua." Siku za kwanza alinitazama tu kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua dunia. Halafu siku moja akaniachia kijiko, nadhani ili nisilale peke yangu. Baadaye akaacha karai. Wanjiru akajipa kazi ya kulinda mlango, amesimama na mwiko begani: "Mimi ni wochi! Hakuna mtu anapita hapa!" Hiyo ilisaidia kuliko hodi zangu zote.

Alhamisi iliyopita hakubeba kitu. Aliwafunika magunzi kwa leso, akalala kando yao ndani ya nyumba, akafumba macho. Mayi, nilitoka nje nikarukaruka kwenye matope kama mwendawazimu. Mwenyekiti alipopita akaona karai lake limeninginia ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa hiyo ndiyo masomo," akasema. Chebet alikuwa amepata nafasi yake shuleni, na mimi nilijiona bingwa.

Ijumaa senge akaja kumchukua akiwa na furaha kubwa. Baba wa mtoto ametuma habari. Amepanda mlimani, amekuta kuta zimesimama, ameezeka mabati mapya, na siku ya kufunga shule atakuja kumchukua binti yake arudi Cheptais.

"Kumetulia?" nikamuuliza.

"Wanasema kumetulia."

"Wanasema?"

"Mwalimu, si ndiyo hiyo. Wanasema."

Chebet alikuwa ameshika sketi ya senge. Hakumtazama senge, alinitazama mimi, na tangu aje hapa hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu bila mimi kumuuliza.

"Ticha, na kule tunaacha ndani?"

Unajua nilifanya nini? Niliinama nimfunge kamba za viatu. Na mtoto alikuwa amevaa malapa.

Tangu hapo sikai, sisimami. Mwenyekiti alitaka karai, mimi nilitaka kumshinda mwenyekiti, na sote wawili tumepata tulichotaka. Lakini yule mtoto alikuwa na kitu kilichomfikisha hapa akiwa hai, nami nimeutumia muhula wangu kumvua. Mkufunzi wetu wa kozi atasema nilifanya vizuri, na kwa hapa Kitale nilifanya vizuri kweli. Nyumba ya Chebet haiko Kitale.

Kwa hiyo usinisubiri siku ile tutakayofunga. Nitapanda pamoja nao mpaka Cheptais, nikaione hiyo nyumba, nikae na baba na mama yake, niwaambie niliyoyaona na wao waniambie wanayoyajua. Wakiniambia nisivuke soko, nitaishia sokoni, usianze kuota ndoto mbaya. Kisha nitateremka Bungoma na nitakuwa nyumbani kabla chinyimba, zile kengele za tohara, hazijaanza kulia kwa ajili ya kijana wetu.

Msalimie Papa, mwambie nimemsikia akisema "nilijua tu" hata kabla hajasema. Msalimie wifi yangu Naliaka, mama wa huyo anayeingia tohara, asimlishe kijana kupita kiasi kwa wasiwasi wake. Kijana mwenyewe mwambie shangazi yake atakuwa mstari wa mbele na hatataka kuona kope ikicheza. Kwa Kukhu, nyanya yetu, nishikie miguu yote miwili. Na yule jirani anayekumalizia dawa, msalimie pia, lakini kwa mbali.

Jibu la Chebet nimelipata leo katikati ya mahubiri, na silipendi. Kesho nitamwita kwenye kona nimwambie: hapa tunaacha ndani, kule tunabeba mpaka mama na baba waseme basi. Halafu tutabeba pamoja, darasa zima, watoto kwanza, kisha sufuria, kisha unga, mpaka kwenye mahindi. Mwenyekiti akipita, apite. Imebaki wiki moja tu, na nataka mtoto huyu aondoke mikononi mwangu akiwa na mbio zile zile alizokuja nazo.

Ni mimi bintiyo, niliyekutoka miguu mbele,
Nafula