Waya Usichomolewe

Mama, shikamoo. Nimetoka bila kukuaga kwa sababu ningelia. Chakula nimekifunika jikoni. Mvua ikija, nguo ziko kambani.

~~Tafadhali usiguse tena kile kisanduku kipya cha intaneti.~~ Kiguse ukifuta vumbi, ila waya wake usiuchomoe.

Najua ni mazoea. Zamani mtu akiingia kwenye intaneti simu ilikuwa haipiti, nawe ulichomoa tu ukisema, "Hii ni simu ya nyumba nzima!" Leo asubuhi ulikuwa unasubiri hospitali wapige kuhusu uchungu wa dada, nami nilikuwa katikati ya mtihani wa kazi kwenye kompyuta. Ulipochomoa, mtihani ukakatika. Nikakutazama, ukasema, "Kazi zipo nyingi, dada yako ni mmoja."

Mama, na mimi ni mmoja.

Sasa naenda ofisini kwa hao waliotoa mtihani kuwaomba nirudie, mimi ambaye hata chenji yangu naona haya kuidai. Niombee.

Baba akirudi, mwache asome habari zake za mpira kwenye kompyuta mpaka achoke. Kwa kisanduku hiki kipya, intaneti haizibi tena laini ya simu. Nikimaliza huko nitapiga simu ya nyumbani. Ikilia huku Baba bado anasoma, utaniamini.

Na kama dada atakuwa ameshajifungua, unianzie na habari zake. Zangu uziulize baadaye, lakini uziulize.

Binti yako wa pili