Papa, Mtu Si Elektroni

Papa wangu, huko uliko,

Masasi ya bunduki yamelia tena asubuhi ya leo. Ubao wako wa kufundishia fizikia bado uko ukutani hapa Ndosho, Mama amekataza usifutwe. Mishale uliyonichorea kabla hujaenda kumchukua bibi kule Kalengera, vita vikakufungia njia, iko palepale.

Unakumbuka nilivyokuchosha? Ulisema chembe ndogo kama elektroni ikiwa na milango miwili, na hakuna kinachoonyesha imepita upi, kila mlango una mshale wake. Unganisha mishale kwanza, kisha zidisha urefu wa mshale unaopatikana kwa wenyewe. Hapo ndipo unapata uwezekano wa chembe kufika. Mimi na kichwa changu kigumu nilizidisha kwanza, nikajumlisha baadaye. Ukanitoa nje, ukaniambia nisukume chukudu ya jirani, ile ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka nyuma, na kaka aisukume kutoka mbele. Haikusogea.

“Nguvu iko ya wawili, safari iko wapi?” ukacheka. “Mishale inaweza kuuana, mutoto yangu. Ukizidisha mbele ya kuunganisha, hautaona ile.”

Nikaelewa nikiwa nimelowa jasho.

Sasa habari zako ni mbili. Dereva wa pikipiki anasema alikuona juzi ukielekea Kalengera, mzima. Mwanamke mmoja anaapa alikuona siku hiyo hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Munigi, umelala, mgonjwa. Kwa baba wadogo, habari zinazopingana ni sawa na kukosa habari. Wanataka tuwashe moto wa kilio Jumamosi, kana kwamba umekufa. Nikasema nakwenda Munigi kuangalia. Mama akanishika mkono.

“Usiende, mutoto yangu. Kama haujaangalia, Papa yako angali muzima.”

Nilitamani kumwamini. Naogopa, Papa. Lakini nakusikia ukifoka, “Mutu si elektroni!” Mishale yako ilikuwa ya chembe, si jina la kutojua kwetu, ulinikatalia hilo mara ngapi? Wewe tayari uko mahali pamoja, mzima au la, na macho yangu hayatakuua wala kukufufua. Ila kama kweli u mgonjwa, kukaa kwangu hapa kunaweza kukuua.

Naondoka sasa hivi, barabara ingali wazi. Mama amenifungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika bakuli mbili, moja ina pilipili, nyingine haina. Nyumbani kwetu ni wewe peke yako usiyekula pilipili.

Ningoje.

Binti yako, yule wa kuzidisha kwanza