Kisu Hakikukata Sukari

Kiprono, mjukuu wangu,

Wewe ni mjinga. Nimeanza na hilo ndio usitafute maneno matamu huku mbele. Simu yangu mimi kogo, nyanya yako, hushiki, basi utasoma.

Leo asubuhi rafiki yako Kibet amekuja na pikipiki hapa Keringet kuchukua viazi. Nimemuuliza habari yako, akajifanya anafunga gunia. Nimemkazia macho mpaka akasema. Ati tangu utoke tohara umetupa sindano za sukari, kwa sababu mwanaume hadungwi kila siku kama mtoto wa kliniki. Ati umekonda, unakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na vijana wa kiwanda cha mbao huko Elburgon wanakucheka kwamba unalewa peke yako, maana mdomo wako unanuka matunda yaliyochacha.

Hapo nikakaa chini. Hiyo harufu naijua.

Ulikuwa darasa la pili. Unamaliza sufuria ya viazi na bado unabaki mifupa. Babu yako, Mungu amrehemu, akawa anakutilia sukari kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu, ati unenepe. Siku moja ukatapika darasani, unahema kama umepanda mlima mbio. Mwalimu alinusa pumzi yako akaniuliza nani anapika pombe ya busaa kwangu. Mimi, ambaye sijawahi kuonja hata tone! Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani, gari la maziwa likatufikisha hospitali ya Nakuru ukiwa hujitambui.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini maneno ya yule daktari wa Nakuru sijayasahau. Alisema chakula kinageuka sukari kwenye damu, ila kwako hiyo sukari haiingii mwilini ifanye kazi. Insulini ndiyo inafungua mlango. "Mama, huyu mtoto ana kuni zimejaa uani, na jiko ndani linazimika." Basi mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, kama mtu anayebomoa paa apate kuni. Moto huo unaacha asidi kwenye damu, na asidi hiyo inaua. Ile harufu ya matunda ndiyo moshi wake.

Ulipozinduka ulisema, "Kogo, nasikia njaa." Nikaenda nje, nikalia kwa leso yangu.

Halafu nesi akanifundisha kudunga. Nilijifunza kwa kiazi kibichi, na wewe kitandani ukaniuliza, "Kogo, kiazi kimepona?" Mtoto mjeuri. Hata wakati huo nilikupenda ukinichokoza.

Mambo ya tohara ni ya wanaume, siulizi. Lakini najua walikata kitu kimoja tu. Kisu hakikukata sukari. Hata wazee waliokusimamia, wakisikia umekufa kwa kuogopa kuitwa mtoto, watasema nini? Kwamba walitoa mwanaume?

Nimeshazika babu yako na mama yako. Siwezi tena. Naogopa, na hilo usimwambie mtu.

Sasa sikia. Usiniambie utaenda hospitali kesho, na usijidunge kwa kubahatisha. Huko wakupime damu, waangalie sukari na hiyo asidi, na uwaambie ukweli kwamba uliacha dawa. Kibet, niliyempa barua hii akuletee, amesimama hapo mbele yako, nimemkataza kuzima pikipiki. Kunja hii karatasi, vaa koti, panda.

Kogo wako