Ukuta Wako Mweupe Haupo Tena

Songambele,
Wilaya ya Kyerwa,
Kagera.
9 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Ainembabazi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwetu, ambako mvua zimeanza vizuri na maharage yameshachipua katikati ya migomba. U hali gani huko Mtwara? Mumeo na watoto hawajambo? Kaka yako Rwegasira aliniambia ulikuwa na homa mwezi uliopita. Natumaini imekwisha, na kwamba siku hizi unakula chakula cha kueleweka, si chai na mkate mbele ya kompyuta kama ulivyofanya ulipokuwa hapa.

Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu ambaye moyo wake umetangulia kuchoka. Miguu imevimba, usiku nalala nimeketi, na daktari wangu wa Kayanga amekuwa mpole mno, jambo linalonieleza hali yangu kuliko vipimo vyake. Usilie. Nina miaka themanini na mmoja, na nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku niliyopata cheti cha ualimu.

Jumapili mchungaji alikuja kunipa sakramenti nyumbani. Akauliza kama kuna lolote linalonilemea. Nikamwambia lipo moja, lakini mwenye kulisamehe yuko Mtwara.

Basi naungama kwako. Mimi ndiye niliyeuharibu ukuta wako, ule wa nyumba ya kusubiria wajawazito hapa zahanati, uliyotuchorea kwa moyo wako mwenyewe. Ulinisihi kwa simu ukuta uachwe mweupe. "Shangazi, mwanga ndio pambo lake," ulisema, nami nikakuahidi. Nimefundisha sanaa na hisabati chuo cha ualimu maisha yangu yote, na mstari mzuri naujua nikiuona. Mchoro wako ulikuwa mzuri.

Nyumba ilijengwa kama ulivyochora: ndefu, safi, madirisha juu karibu na paa, na ile korido inayotoka vitandani mpaka chumba cha kujifungulia. Ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Kisha hakuna mwanamke aliyelala humo. Wajawazito walikuja kliniki, wakapimwa, wakachungulia mlangoni, wakarudi makwao vilimani, na uchungu ukawakuta huko huko kama zamani. Mwezi wa Machi mmoja alijifungulia kando ya barabara ya Nkwenda, akiwa ameshushwa kwenye bodaboda. Mtoto hakuishi.

Tulipowauliza, waliangalia chini. Aliyenijibu ni Uwiduhaye, yule mjane anayeuza vikapu sokoni, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. "Waitu mwalimu," alisema, akiniita kwa heshima ya kwetu, "mmejenga stoo ya kahawa, halafu mnashangaa watu hawaingii kulala."

Nestory, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alilichukua hilo kwa utani. "Hata mke wa mwanangu anasema akilala humo ataamka ameshapimwa kwenye mizani na kushonewa ndani ya gunia." Lakini Nestory ni mtu wa chama cha ushirika pia, na ghala lao linavuja. Utani ukageuka hoja: kama msimu wa kahawa utakwisha hakuna anayelala pale, nyumba ipewe kahawa kweli. Kamati yote ikakubali isipokuwa mimi, na mkono wangu siku hizi hata ukinyooshwa hauonekani.

Nikaomba nipelekewe kiti ndani ya ile nyumba. Nilikaa humo asubuhi kadhaa nikiutazama ukuta wako, nao ukinitazama. Nikamkumbuka mama yangu, ambaye hukumkuta. Msonge wetu ulikuwa na ukuta wa matete ndani, uliotenga kitanda na jiko, na mama aliufunga kwa kamba nyeusi na nyeupe zikipishana. Nilipougua surua nililala nikizifuata zile kamba kwa kidole. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema jengo ni mwili na sanaa ni nguo yake. Kwa mama yangu haikuwa hivyo. Kamba iliyoshika tete ndiyo iliyokuwa pambo. Ungeifungua ili uondoe urembo, ukuta ungeanguka.

Nikamwita Uwiduhaye. Alikuja na samadi ya ndama na majivu, kama mama zake walivyopamba kuta huko Rwanda, akaanza kuinua matuta membamba ukutani kwa vidole, yakienda kona kwa kona. Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu, mwanangu. Sikukupigia. Nilijua utakataa, na nilijua nitakutii.

Siku iliyofuata akaja bwana afya.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ni ukuta."

"Hii ni samadi ya ng'ombe."

"Ni vyote viwili."

Hakucheka. Aliagiza ikwanguliwe kabla hajarudi, na kwa kweli haki ilikuwa yake: pale ni mahali pa vidonda na vitoto vichanga. Uwiduhaye aliikwangua mwenyewe, tena kwa nguvu, mpaka plasta ikabanduka na matofali yakatoka nje. Hapo ndipo fundi Cleophace, aliyeijenga ile nyumba, alipopita akaona. Alisimama mlangoni na mwiko wake kama mtu aliyefika msibani.

"Nani amenichubulia ukuta wangu?"

Nikamwambia ni mimi. Alinung'unika sana, lakini ilibidi aipige plasta upya, na wakati akiichanganya akasema neno lililotuokoa. Alisema kama shida ni samadi, kwa nini yale matuta yasiinuliwe kwenye saruji yenyewe, ikiwa bado mbichi, yawe ukuta badala ya kubandikwa ukutani?

Ungewasikia walivyofanya kazi ungeyasahau yote uliyofundishwa. Cleophace alitaka kila tuta lipite kwenye pima maji.

"Mama, mstari wako utapinda."

"Migomba yako yote imepinda na ndizi unakula."

"Ndizi hazibebi paa."

"Basi beba paa lako huko juu, hapa chini niachie mimi."

Saruji ilimuunguza Uwiduhaye vidole, akavaa glavu, akazitukana, akazizoea. Mwishowe walielewana kwa namna yao: tuta moja nene, lililonyooka, la Cleophace, likapita kwenye kimo cha kiuno korido nzima, na juu yake yakapanda yale ya Uwiduhaye, kona juu ya kona, kama vilima vyetu ukivitazama kutoka barabarani. Wajawazito waliokuja kliniki wakaanza kusimama. Mmoja akaomba brashi. Siku ya pili walikuja wengine, wakapaka nyekundu na nyeusi kwenye vipande walivyojigawia wenyewe, wakagombania kona. Mvua ikawakuta humo, wakaona heri walale. Hakuna aliyewabembeleza.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelipanga. Vero, yule mke wa mtoto wa Nestory aliyeogopa mizani, alianza uchungu mchana mmoja wa mvua. Nami nilikuwepo, kwenye kiti changu. Alitembea ile korido kwenda na kurudi, mkono juu ya tuta la Cleophace, na kila uchungu ulipombana aligeuka, akaegemeza kiuno kwenye matuta ya Uwiduhaye, akajisugua kama ng'ombe kwenye mti. Alipopata pumzi akaniambia, "Mwalimu shikamoo. Nani aliwaambia mgongo unauma hapa hapa?" Wewe ulichora bomba la chuma la kushikia mahali pale pale, utakumbuka, halikupatikana, na sote tukalisahau. Ukuta wenyewe ukalizaa. Jioni Vero naye akazaa, mtoto wa kike, na wote wawili wazima.

Jumamosi iliyopita kijiji kilikutana uwanjani kuamua. Watu wa ushirika walikuwa wamekaa mbele. Nestory alisimama, akavua kofia, akachukua muda mrefu kuikunja.

"Kahawa imevumilia ghala linalovuja miaka mingi," alisema, "na ivumilie tena. Mimi siwezi kumwamsha mjukuu wangu ili nilipishe gunia."

Wakacheka mpaka wenye kahawa yao. Mikono ilipanda yote, na wangu nikauinua kwa kuushika kwa mkono wa pili. Leo kila kitanda kina mtu, na wawili wamekuja na magodoro yao. Tumeshinda, mwanangu. Nitakufa siku yoyote Mungu apendayo, lakini nitakufa nimeshinda.

Usidhani mwanga wako ulipotea. Asubuhi unaingia kwa yale madirisha yako ya juu na kila tuta linapata kivuli chake. Adhuhuri vivuli vinaisha, na ikifika alasiri vinahamia upande wa pili. Ningeyaweka matuta yale kwenye nyumba nyingine yoyote yangekuwa saruji tu. Dirisha lako ndilo linaloyachora upya kila siku. Ulikuwa sahihi kuhusu mwanga. Ulichokosa ni kitu cha kuuangukia.

Sasa watu wa Nkwenda wamekuja kutazama, nao wanataka nyumba ya namna hii. Watakuandikia. Nakuomba uwachoree, ila safari hii usichore ukuta mtupu ili watu waje kuupamba baadaye. Njoo umwite Uwiduhaye kabla msingi haujachimbwa, ukae naye chini, umuulize mwanga uingilie wapi. Na mchoro ukikamilika, pale pembeni unapoandika jina lako, liandike na la kwake. Usinipigie simu kuniambia umenisamehe. Nitaletewa huo mchoro nikiwa hai au utasomwa kaburini kwangu, na nikiyaona majina mawili nitajua.

Nisalimie mumeo na wanangu wote, na umwambie Rwegasira aache kuniogopa, aje anione. Uwiduhaye anakusalimu, Cleophace naye, ingawa anasema bado unamdai ukuta ulionyooka. Mungu aliyezipanga nyota bila pima maji aibariki mikono yako, akujalie nyumba zinazokaliwa na watu.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye leo na huko niendako,

Kemirembe