Usipande Pamba Juu ya Tuta

Matiri,
Mbinga.
12 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Egidi,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hujambo wewe? Na mkeo Violet, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila magoti yananigomea nikipanda mlima wa kanisani.

Kahawa tumemaliza kuchuma. Nasema "tumemaliza" kwa mazoea tu, nilikuwa peke yangu. Hata nyasi za ngoro, zile tunazozifukia ziwe matuta kuzunguka mashimo, mwaka huu nililaza mwenyewe, kazi yenu wanaume, na mistari ikapinda mpaka Shangazi Beata alipokuja kutoka Mapera akaniuliza kama nilikuwa nimelewa. Tulicheka sana. Alipoondoka nyumba ikawa kimya, nikajikuta nimesonga ugali wa watu wawili.

Sasa hilo la pamba. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu. Ulisema maji ya kisima chenu huko Meatu ni ya chumvi, mbegu imekufa mara mbili, na ikifa tena mnafunga mizigo mnarudi nyumbani. Egidi, siku ile ile nilifagia chumba chako.

Halafu nikakutana na Herieth, bibi shamba wetu, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye pamba huko huko. Nikamweleza ulivyochimba mashimo ya ngoro na kupanda juu ya matuta, kama baba alivyotufundisha. Akashika kiuno.

"Dada, ngoro ni za maji ya mvua! Maji ya chumvi yakituama shimoni, jua linayavuta juu, chumvi inabaki pale kileleni mwa tuta. Na mbegu mmeiweka hapo hapo!"

Kwa hiyo fukia mashimo, upige matuta marefu yenye mifereji. Panda ubavuni, karibu na pale maji yanapofika. Miche michanga ndiyo isiyovumilia chumvi. Kama mna maji ya mvua kwenye tangi, ipe hayo mwanzoni. Ikishakua pamba ni sugu. Tena ukimwagilia, mwagilia ardhi ishibe ili maji yaisukume chumvi chini, usinyunyize kidogo kidogo kila siku. Na maji yapate pa kutokea.

Maneno haya nimekaa nayo wiki nzima. Nikinyamaza, mbegu itakufa na wewe utarudi. Nilitaka iwe hivyo, sikufichi. Lakini mama alipofariki nilikulea mimi, na siwezi kukuacha ushindwe ili mimi nipate mwenzangu humu ndani.

Msalimie sana Violet. Shangazi Beata anawasalimu, na jirani yetu Nicholaus pia. Mungu awafunike kwa baraka zake. Kila jioni naomba pamba yako iote. Siombi kwa moyo wote, mdogo wangu, lakini naomba.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Gertruda